Mchicha Uliostawi Nyuma ya Nyumba

Kwa wiki tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya mchicha. Mtu akisikia hivyo atacheka, na mimi mwenyewe ningecheka kama nisingekuwa na sababu. Nyuma ya nyumba tuliyokuwa tukiishi kulikuwa na mahali padogo, upana na urefu wa mkeka mmoja tu, ambapo mchicha uliota mnene, mweusi kwa ukijani, mara mbili ya ule wa kando yake. Swali langu lilikuwa moja. Je, unastawi hivyo kwa sababu chini yake yuko mtu? Na kama yuko, niseme, au ninyamaze mpaka nipate hakika ambayo siwezi kuipata bila kuchimba?

Ilikuwa miezi ya mwisho ya mwaka 1994, Gatsata, juu ya barabara inayopanda kutoka Nyabugogo. Nilikuwa nimefika Kigali pamoja na shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Yeye alikuwa anarudi. Mimi nilizaliwa Tanzania, nikasoma Tanzania mpaka chuo kikuu, na nchi hii niliijua kwa masimulizi yake tu, masimulizi ya msichana aliyeikimbia akiwa amebeba kuku kwapani. Tulionyeshwa nyumba ya matofali mabichi, vyumba vitatu. Tuliambiwa wenyewe wamekimbilia Zaire. Mlango ulikuwa wazi na sufuria zao zilikuwa bado jikoni. Shangazi alizisugua kwa majivu kutwa nzima kabla ya kukubali kuzipikia.

Bustani iliteremka nyuma ya jiko mpaka kwenye migomba. Siku ya kwanza shangazi aliokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole, akalinusa. Sikuwahi kumwona akilia, wala siku ile hakulia, lakini alikaa na udongo ule mkononi mpaka ukakauka. Kule tulikotoka alilima kwenye shamba la kuazima kwa miaka thelathini na zaidi, kwenye changarawe, akisema kila mwaka kwamba udongo wa kwao haukuwa hivi. Mvua za Septemba zilipoanza alipanda mchicha, ambao hapa wanauita dodo, pamoja na maharage na maboga. Kila kitu kiliota isipokuwa mahali pamoja, katikati ya bustani, ambapo mbegu zilikataa. Pembezoni mwa mahali hapo mchicha uliota kwa fujo, ukawa kama pete. Baada ya mwezi, katikati nako kukajaa, na ndipo kukawa kuzuri kupita kote.

Shangazi alisema hapo zamani palikuwa na jaa la samadi. Alinieleza jinsi samadi mbichi inavyounguza mbegu, kisha ikipoa huzilisha. Aliyajua hayo bila kusoma. Mimi niliyajua kwa kusoma, tena kwa njia ya ajabu kidogo, na hapo ndipo yalipoanzia matatizo yangu.

Chuoni nilisomea elimu ya wanyama. Kazi yangu ya mwaka wa mwisho ilipaswa kuwa juu ya ndege wa ziwani, lakini sikuwa na nauli ya kwenda ziwani, na gari la idara lilikuwa juu ya mawe. Maktabani kulikuwa na sanduku la majarida ya kisayansi lililoachwa na mgeni fulani, karibu yote yakihusu bahari za ncha ya kusini ya dunia. Mwalimu wangu akaniambia niandike kutokana na hayo. Basi mimi, ambaye barafu niliijua kwenye soda tu, nikatumia mwaka mzima nikiandika juu ya mavi ya pengwini. Wenzangu hawakuniacha. Nikiingia bwenini walikuwa wakipisha njia na kuziba pua.

Lakini nilizama. Niliona ajabu kwamba bahari ile ina karibu kila kirutubisho kwa wingi, ila inapungukiwa na chuma, kama chakula kilichopikwa vizuri kikasahauliwa chumvi. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho hukaa majini ikisubiri chembe ya chuma ili ikue. Uduvi hula mimea hiyo, ndege hula uduvi na samaki, kisha ndege hutoa. Kinachotoka kwa ndege kina naitrojeni na fosforasi, kina chuma, zinki na shaba, na maji yanapokisomba mimea midogo hukua tena, na mzunguko unaanza upya. Ndege, niliandika, ni wachuuzi wanaorudisha bidhaa sokoni. Si kila kitu hurudi upesi. Kuna madini mazito ambayo hubaki mwilini, kadimi kwenye figo, zebaki mpaka kwenye manyoya, na hayo huondoka pale tu manyoya yanapopukutika au ndege mwenyewe anapokufa juu ya miamba. Kuhusu hilo niliandika sentensi niliyoipenda sana, kwa Kiingereza cha kujitutumua, kwamba kifo cha mmoja ni karamu ya wengi. Mwalimu aliipigia mstari, akaandika pembeni: ni kweli, lakini punguza furaha.

Huko Kigali nilipata kazi ya kufundisha. Haikuwa shule kamili. Wazazi wachache walikusanya vijana kwenye ukumbi mmoja Kimisagara, wakatafuta mtu yeyote mwenye shahada. Kila asubuhi nilishuka kwa miguu mpaka Nyabugogo, nikakata kuelekea Kimisagara, nikafundisha baiolojia kwa ubao uliopasuka. Wanafunzi walitoka kila upande. Wengine walikulia Burundi, wengine Uganda, wengine walikuwa hapa hapa wakati wote, na hawa wa mwisho walikaa nyuma na hawakuuliza maswali. Lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili cha kuungaunga, chenye Kinyarwanda na Kifaransa ndani yake.

Siku moja nilichora ubaoni mzunguko ule wa ndege na bahari, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri. Nilieleza kwamba kwenye visiwa vile vya mawe matupu, kuvumwani na majani mafupi huota karibu na makazi ya ndege tu. Penye ndege wengi sana katikati hapaoti kitu, maana kirutubisho kikizidi huunguza, lakini pembeni huwa na pete ya kijani. Ndege wakihama, katikati nako hufunikwa. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono, mara ya kwanza tangu tuanze.

"Kwa hiyo ukipita tu," aliuliza, "unaweza kujua kwamba hapa walikuwapo?"

Nikamjibu ndiyo, hata miaka mingi baadaye. Nilikuwa bado nimeshika chaki. Nikaona bustani ya shangazi, pete kwanza, halafu katikati.

Yule msichana alikuwa anaandika. Sijui aliandika nini. Mimi niliwaruhusu mapema siku ile.

Tangu hapo sikula tena mboga nyumbani. Nilimwambia shangazi tumbo linanisumbua, akanichemshia majani machungu, nikayanywa. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilisimama dirishani na kuwaangalia ndege wa majini waitwao kwarara. Walikuwa wakija wawili kutoka mabwawa ya Nyabugogo, wakipiga kelele zao za kuzomea, na katika bustani nzima walichagua mahali pale pale, wakididimiza midomo mirefu na kuvuta minyoo. Nilijiambia minyoo hufuata samadi. Kisha nikajiambia samadi ya ng'ombe haiwi na umbo la mkeka. Kisha nikajiambia huenda ni choo cha zamani kilichofukiwa. Nilipima kwa hatua, nikajifanya natafuta kifungo kilichoanguka. Choo kingekuwa cha mraba. Hapa palikuwa na urefu.

Ningeweza kuishi na wasiwasi huo, kama nilivyoishi na mwingine mwingi, lakini kulikuwa na jirani.

Nyumba ya chini yetu aliishi mama mmoja wa makamo, peke yake. Kabla ya vita aliuza sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, sokoni Nyabugogo, na huko ndiko alikojifunzia Kiswahili, kwa madereva na wachuuzi. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka ule alipoteza watu ambao hakuwahi kututajia idadi yao. Wengi alikwisha kuwapata na kuwazika. Aliyebaki ni mdogo wake wa kike, aliyeonekana mara ya mwisho akikimbilia kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba yetu.

Kila Jumapili alikuja. Alibisha hodi mbele, ingawa angeweza kupita kwa nyuma bila sisi kujua, akamsalimia shangazi kwa mikono miwili, akaomba ruhusa ya kuangalia. "Mdogo yangu alipita hapa," alisema mara ya kwanza. "Iko karibu, najua. Sijui tu ni wapi." Akashuka mpaka kwenye migomba, akatazama chini ya kila shina, akagusa udongo kwa fimbo. Alipofika kwenye bustani alipita kando. Mtu aliyelelewa hakanyagi mazao ya mwenzake. Alizunguka mchicha wetu kwa uangalifu, akiinua kitenge chake majani yasiguswe, na mimi nilimwona akizunguka hivyo Jumapili tatu.

Shamba lake lilijaa magugu. Shangazi, ambaye hakuweza kuona ardhi nzuri ikikaa bure mvua ikinyesha, alinong'ona kwangu kwamba yule mama ni mvivu. Baadaye akamwambia mwenyewe, kwa utani wa kike, kwamba magugu yake yamekuwa marefu kiasi cha kuficha mbuzi. Yule mama alitabasamu. Kisha akaeleza kwa Kinyarwanda, polepole, kama anayemkumbusha mtu jambo analolijua. Kwao, mtu akiwa katika msiba jembe haligusi udongo na mbegu haipandwi, mpaka msiba uondolewe. Kwa wale wengine aliuondoa. Kwa mdogo wake hawezi, kwa sababu hajamzika.

Shangazi aliinamisha kichwa. Jioni ile aliniambia kwamba mama yake alimfundisha desturi hiyo na yeye aliisahau huko ugenini, ambako walizika leo na kulima kesho kwa sababu shamba lilikuwa la watu. Alihesabu kwa vidole wiki zilizobaki za mvua. Kama jirani hatapanda kabla hazijaisha, alisema, mwakani atakula nini?

Kwa hiyo alianza kumpelekea mboga. Furushi la kwanza nililipeleka mimi, kabla ya lile somo la ndege, na jirani alilipokea na kushukuru. Kwamba majani yale nayo yalichumwa mahali pale sikumwambia kamwe kwa maneno, wala yeye hakuniuliza. Furushi la pili shangazi alilichuma nikiwa nimesimama, kutoka mahali pale pale, kwa sababu ndipo palipokuwa na majani mazuri na hampi mgeni mabaya. Akalifunga kwa uzi wa mgomba. Nililibeba. Nilishuka nusu ya njia, nikasimama kwenye mfereji wa maji ya mvua, nikalitupa. Nikakaa pale kwa muda wa kutosha mtu kupokea furushi na kuuliza hali, kisha nikarudi nikasema anashukuru.

La tatu nalo nililitupa.

Uongo wa namna hiyo hauna maisha marefu kati ya wanawake wawili wanaochota maji bomba moja. Siku ya pili nilirudi kutoka Kimisagara nikamkuta shangazi ameketi kwenye kizingiti cha jiko, ungo wa maharage magotini, hachambui. Aliniuliza kwa nini namwona jirani mwombaji asiyestahili hata majani. Hakuna kauli aliyowahi kunitolea ikaniuma hivyo. Nikaanza kumweleza. Nilianzia mbali, kwenye ncha ya dunia, kwenye chuma na uduvi, na yeye akanitazama kama nimepata homa. Alikuwa na utani wake wa siku zote, kwamba nimesomea mavi ya ndege lakini kuku wa kunyonyoa simjui, na nilisubiri autoe. Hakuutoa. Nilipofika kwenye pete ya kijani alielewa kabla sijamaliza. Aligeuka akatazama bustani.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu. Sijui, shangazi. Nadhani tu."

"Ulikuwa unasema tumbo," alisema. "Ukaniacha mimi nichume, nipike, nile."

Nilikuwa nimelifikiria jambo lile kwa kila upande, nikamfikiria jirani, nikajifikiria mimi, nikafikiria watu watakavyosema kwamba waliotoka nje wanalima juu ya makaburi. Nilifikiria hata kunyang'anywa nyumba. Yeye tu ndiye sikumfikiria, na alikuwa anakula mbele yangu kila siku.

Aliuweka ungo chini, akaenda kunawa mikono. Aliinawa muda mrefu. Aliporudi nikamwambia kilichokuwa kikinizuia hasa. Yule mama ametafuta tangu Julai. Kila anapotafuta na kukosa anarudi amekuwa mdogo zaidi. Nikimwambia njoo, nimemwona, halafu ikawa ni jaa la samadi la watu, nitakuwa nimemuua mdogo wake mara ya pili. Na nikiwa sahihi, nitakuwa nimemwambia kwamba alimzunguka Jumapili zote hizo kwa sababu ya heshima kwa mboga zetu. Sikuona njia ambayo haimuumizi. Nilitaka hakika kwanza. Nilisema huenda nichimbe mwenyewe kidogo, pembeni, siku ambayo hayupo.

"Huwezi kumfungua mtu wa wenyewe kwa siri kama mwizi," shangazi alisema. Kisha akaongeza: "Kama hayupo, tutakuwa tumelima tu. Kulima si dhambi kwetu. Nenda ukamwambie. Mimi siwezi, mimi ndiye niliyempelekea mboga ile."

Sikwenda siku ile. Ninaliandika hili kwa sababu ningependa kusema kwamba nilikwenda. Nilijiambia jua linakaribia kuzama na kwamba habari kama hiyo hupelekwa asubuhi, na huenda ilikuwa kweli, lakini sikuwa nikingoja kwa ajili ya kweli hiyo. Nililala nikiwa nimevaa nguo. Kulipopambazuka kwarara walikuja, wakasimama kwenye mchicha, na nikatoka nikawafukuza kwa kupiga makofi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Waliruka mpaka kwenye paa la jirani. Nikashuka nyuma yao.

Alikuwa anafagia ua. Alinipa kigoda, naye akakaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha na yote yalianza na ndege. Nikamwambia chuoni nilisomea ndege wa nchi ya barafu. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nikamwambia ndege hao huacha alama ardhini, kwamba vilivyokuwa mwilini mwao huingia kwenye udongo, na majani huonyesha walikolala. Nilisikia sauti yangu ikiwa ya darasani na sikuweza kuibadilisha. Nilipoanza kueleza habari ya chuma alinyoosha mkono, akaushika mkono wangu uliokuwa ukichora hewani, akaushusha mpaka kwenye goti langu.

"Mwarimu," alisema, "ndege uache. Ni wapi?"

"Kwenye mchicha wetu. Sina hakika, mama. Inawezekana hakuna kitu."

Ufagio ulikuwa bado mkononi mwake.

"Pale ninapozunguka," alisema.

Aliingia ndani. Nilidhani ameenda kulia, nikabaki nimekaa nikijilaumu kwa kila neno. Alitoka na shuka jeupe lililokunjwa, halijafunguliwa tangu linunuliwe. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukutani karibu na mlango, na nilipoliangalia alitikisa kichwa. Yeye yuko katika msiba. Ni lazima liwe letu, na mikono iwe yangu.

Tulipanda kilima pamoja mpaka kwetu. Shangazi alikuwa amekwisha kung'oa mchicha wote wa mahali pale pamoja na mizizi, akaulaza kando kwa mstari, na alikuwa amesimama bila viatu. Walisalimiana wale wawili kwa kukumbatiana kirefu. Jirani akakaa chini, shuka magotini. Safari hii alikaa juu ya maharage ya shangazi, na shangazi akamsogezea majani asichafuke.

Sikuwa nimewahi kushika jembe kwa kazi ya maana. Shangazi alinionyesha nisipige kwa nguvu, nikwangue tu, nivute udongo kuelekea kwangu. Udongo ulikuwa mweusi na mwepesi. Kila nilipovuta nilitamani nikute kinyesi kikavu cha ng'ombe, kipande cha choo, chochote, kisha nikamtazama yule mama na nikatambua kwamba yeye anatamani kinyume, na kwamba kutamani kwangu ni kwa ajili yangu. Nikaacha kutamani. Jua lilikuwa limefika juu ya paa wakati shimo lilipofika kwenye goti. Jirani ndiye aliyekitambua kitambaa, kabla mimi sijatambua kwamba ni kitambaa.

"Ni yeye," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu hodi.

Nikaliweka jembe kando, nikapiga magoti, nikaendelea kwa mikono.